Mkono Alioinua Baba Yako

Raheli mwanangu,

Ukirudi kutoka kwa bibi yako utaikuta karatasi hii juu ya mzigo wako, chini ya mfuko wa michembe ya viazi. Nimeiweka hapo kwa sababu nakujua, utaionja michembe kabla hujagusa kitu kingine. Isome leo hii. Usingoje kuisomea njiani, maana humu kuna jambo linalohusu kesho asubuhi, lori la pamba litakaposimama pale kanisani kukuchukua.

Najua unashangaa kwamba mama yako ameandika barua. Hata mimi nashangaa. Darasa la ubatizo lilinifundisha kusoma zaidi kuliko kuandika, na penseli hii naishika kama mpini wa jembe. Lakini nikikuambia kwa mdomo, unajua yatakayotokea. Nitaanza na habari ya blanketi, nipitie ndoa ya shangazi yako, nimalizie kwa mbuzi wa jirani aliyekula mboga yangu, na wewe utakuwa umeinamisha macho ukingoja nimalize. Penseli inanichelewesha. Kabla sijafika mwisho wa neno nimeshapata muda wa kujiuliza kama ni la kweli.

Kwa hiyo mambo ya nguo na chakula na kuamka mapema nayaacha. Ulishakuwa mkubwa zamani, na tangu baba yako augue wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi.

Nataka kukujibu ulichoniambia jana kwenye jiwe la kusagia. Ulisema hupandi lori. Ulisema, "Mama, kule wanakofundisha uuguzi wasichana wanapokezana kuongoza sala kila asubuhi. Zamu yangu ikifika nitasimama niseme nini? Sina neno. Tangu baba afe sina neno hata moja. Wampeleke mwingine mwenye imani." Nami nikafungua mdomo huu, nikamwaga maneno kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, na ulipochoka ukachukua ungo wako ukaingia ndani. Sikukufuata. Nilibaki pale nikiwa na hasira, kisha hasira ikaisha, kikabaki kitu kingine ambacho nilikuwa nakikimbia tangu msiba.

Jibu langu ndilo hili. Utapanda lile lori, mwanangu. Sikulazimishi kama mtu anavyoswaga ndama. Kama ungeniambia hutaki uuguzi, au unaogopa gari moshi, au kuna kijana amekuzuia, ningekusikiliza. Lakini huwezi kubaki kwa sababu ile uliyoitoa, maana aliyeitengeneza ni mimi, na mimi ndiye nitakayeiondoa.

Nianze mbali kidogo. Vumilia.

Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa manju wa ngoma. Wewe hukumkuta, na sisi tuliobatizwa hatukumtaja sana, lakini nchi hii yote mpaka Kharumwa na kupita walimjua. Baada ya mavuno vikundi viwili vilikutana uwanja mmoja, siku moja, kila kimoja na ngoma zake na manju wake. Mwamuzi hakuwepo. Walioamua ni watu kwa miguu yao: wakikuhamia wewe umeshinda, wakikuhama umekwisha. Kwa hiyo manju hakuimba ili asikike tu. Aliimba ili yule wa upande wa pili asisikike. Mimi nilijifunza hilo mgongoni mwa mama yangu, kabla sijajua kupalilia.

Nilipobatizwa wakaniambia niache ngoma, nikaziacha. Nilitoa shanga zangu, nikatoa njuga, nikatoa hata ule mkia wa nyumbu aliouacha baba. Mashindano hakuna aliyeniambia niyatoe. Nikaingia nayo kanisani bila mtu kuyaona, kwa kuwa wote tulikuwa tumeingia nayo.

Utakumbuka mwaka ule wa ukame, ulikuwa mdogo lakini ulikuwa unachunga ndama. Mwinjilisti Zakaria aliita maombi ya mvua. Wiki ya kwanza tuliomba pamoja. Wiki ya pili watu wa kilimani tukakaa kushoto, watu wa kisimani wakakaa kulia. Wiki ya tatu kila upande ulikuwa na kiongozi wake, kule Mama Tabita, huku mimi. Yeye akiomba kwa sauti, mimi napandisha. Yeye akilia, mimi nalia na kugaragara. Waumini wakawa wanahama benchi kufuata penye moto, na wapagani wakawa wanakuja kutazama, wanachuchumaa nje ya kanisa wakitafuna karanga. Siku moja nilimsikia mzee mmoja akisema, "Leo kilimani wameshinda. Yule mke wa Masanja ana dawa." Mungu anisamehe, Raheli, nilifurahi. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyezawadiwa ng'ombe.

Ilikuwa katikati ya maombi hayo ndipo Mama Shija alipokuja mlangoni. Wakati ule hakuwa mtu wa kanisa. Shija, huyo huyo anayekuchokoza kila ukienda kisimani, alikuwa mtoto wa kubebwa, na alikuwa anawaka homa, macho yamegeuka. Mama yake alikuja kuomba baiskeli ya baba yako ampeleke zahanati. Alisimama mlangoni akaita. Hakuna aliyesikia. Akaita tena, akapiga magoti, akamweka mtoto kizingitini ili tumwone. Sisi macho tumefumba, tunapiga kelele tukimwambia Mungu atusikie.

Baba yako alikuwa nyumbani kwa likizo yake ya mgodini, ameketi benchi la nyuma, kimya, kama kawaida yake. Alinyanyuka, akatoka, akampakia mwanamke na mtoto kwenye baiskeli, wakaenda. Sikujua. Niliambiwa baadaye kwamba mume wangu ameondoka katikati ya maombi, na Mama Tabita ndiye aliyeniambia, akiwa na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo.

Aliporudi jioni nilimpokea kwa maneno. Nilimwambia ameniaibisha. Nilimwambia yeye haombi, anasinzia tu, na mtu asiyefungua mdomo mbele za Mungu anamwonea Mungu haya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Nilimsikia kwa sababu sikuwa nasema." Akaenda kuosha baiskeli. Mvua ilikuja baadaye, na kila upande ukadai ni yake, lakini mtu pekee aliyejibiwa maombi yake siku ile ni Mama Shija.

Ningependa kukuambia kwamba nilielewa palepale. Yaya, hapana, sikuelewa. Ila neno lile lilinikaa kama mwiba mdogo usioonekana, na likizo iliyofuata nilimuuliza kwa upole, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu, anafanya nini anapokaa vile. Akanieleza kazi yake.

Alisema kule chini, baruti ikishalipuka na moshi ukishatoka, hawaingii kuchimba moja kwa moja. Mtu mmoja hutangulia na mtarimbo, anagonga mwamba wa juu, pole pole, hapa na pale. Wengine wote husimama. Hakuna anayekohoa, hakuna anayekokota koleo. Mwamba mzima una mlio wake na mwamba uliolegea una wake, kama vile sisi wanawake tunavyogonga chungu sokoni kabla hatujanunua. Ukigonga chungu huku unapiga soga, utanunua chenye ufa, utarudi nyumbani maji yanakuchuruzika mgongoni. Lakini kule chini ufa haukupotezei maji, unakupotezea watu. "Kwa hiyo tumezoea," akasema. "Tunanyamaza kwanza. Na mimi nikiwa mbele za Mungu nanyamaza hivyohivyo. Najigonga ndani pole pole nisikie penye ufa. Nikipasikia, nampa Mungu. Wakati mwingine sisikii kitu, nakaa tu naye."

Nikamuuliza, "Na unajuaje kwamba yupo?"

Akanitazama, akacheka. "Wewe ukikaa na mimi hapa unajuaje kwamba nipo, na sisemi kitu?"

Nilimtania kwamba wakati mwingine huwa sina hakika. Tulicheka sana siku ile, na nakuandikia hivi huku nikicheka tena peke yangu.

Sasa nafika pale ninapopaogopa, na wewe umeshajua ni wapi.

Baba yako aliporudi mara ya mwisho, kifua chake kilikuwa kimekwisha. Vumbi la miaka yote lilikuwa limekaa humo. Wewe ndiye uliyemlisha uji, wewe ndiye uliyemgeuza, wewe ndiye uliyejifunza kusikia kwa namna anavyovuta pumzi kama anataka maji au anataka kuinuliwa. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, napokea wageni, naongoza nyimbo. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa nikikaa kimya nasikia ile pumzi yake, na sikuweza kuivumilia. Nikiimba siisikii.

Jumapili ile kanisa zima lilitoka ibadani likaja nyumbani kwetu. Chumba kilijaa, watu wakasimama mpaka zizini. Nikaanzisha wimbo. Na katikati ya wimbo baba yako aliinua mkono, kiganja kimeelekea kwetu. Mimi nikaona anasifu. Nikapaza sauti, "Ameinua mkono, anamsifu Bwana!" na watu wote wakainua mikono yao, na wimbo ukapanda mpaka nyasi za paa zikatikisika. Wewe ulikuwa umepiga magoti kichwani pake. Ukanivuta nguo ukaniambia, "Mama, baba anataka tunyamaze." Nami nikakujibu mbele za watu, "Imba, Raheli. Shetani ndiye anayetaka tunyamaze."

Ule wimbo ulikuwa mrefu. Ulipoisha mkono wake ulikuwa umeshuka, na alikuwa ameshatutoka.

Nimeyaandika haya jinsi yalivyokuwa ili ujue kwamba nayakumbuka jinsi yalivyokuwa. Nadhani ulifikiri nimesahau, au nimejidanganya mpaka nikaamini. Maana baada ya mazishi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Masanja alikufa ameinua mkono akimsifu Bwana. Mwinjilisti Zakaria akaupenda, akawa anausema kila anakokwenda, na watu wa vijiji vingine wanakuja kunishika mkono wakisema wabeja, asante, Mama Raheli, umetutia nguvu. Na kila ukisemwa, mimi nilikuwa nakuona wewe kwenye benchi la wanawake, umefunga mdomo. Siku waliyokuita mbele uongoze sala ukasimama bila kutoa sauti, wakasema umerudi nyuma. Wazee wakaniuliza nimekulea vipi. Sikukutetea. Mtu pekee katika kanisa lile aliyekataa kusema uongo mbele za Mungu, wakamwita aliyerudi nyuma, na mama yake mzazi akanyamaza.

Unaona basi, hata kunyamaza kuna aina aina, na ile yangu ilikuwa ya woga. Nimeijua na nyingine. Baada ya msiba kulikuwa na siku sikusema na Mama Tabita kwa kuwa aliimba vibaya makaburini, nikajiambia niko kimya mbele za Bwana. Kumbe nilikuwa nimenuna. Anayenuna moyo wake unapiga kelele kushinda soko. Ujihadhari na hiyo, maana wewe na mimi damu moja, na nimekuona miezi hii ukininunia. Ulikuwa na haki. Lakini usiibebe mpaka huko ukaiita sala.

Nisikuchoshe. Nikuambie nilivyopata ujasiri wa kuandika.

Tangu masika nimekuwa nikikaa kwenye kigoda cha baba yako asubuhi, baada ya kukamua, nikitazama zizi. Nilijiambia nijaribu alivyofanya yeye. Mwanangu, ni kazi ngumu kuliko kulima pamba. Mawazo yanatawanyika kama mbuzi walioona shamba la mtu. Nikiyarudisha, kinakuja kile kiganja. Kila asubuhi kiganja. Mara ya kwanza nilinyanyuka nikaenda kuimba nikifagia, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Lakini nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, kwa kuwa mimi ni mbishi hata kwa nafsi yangu. Usidhani nilisikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia kuku. Nilisikia ndama wakinyonya. Na asubuhi moja nikasikia jiwe la kusagia nyuma ya nyumba likisaga, likasimama, likasaga, likasimama. Nikajua unalia. Nikahesabu kwamba umekuwa ukilia hivyo kila asubuhi tangu msiba, hatua chache tu kutoka nilipokuwa nikiimba, na sikuwahi kusikia.

Sikuja kukushika. Sikujua niseme nini, na mimi nilikuwa sijajua bado kwamba mtu anaweza kuja bila la kusema. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye matanga ya baba yako.

Kumbuka walivyokuja. Mama Shija alikuja wa kwanza, akaketi chini pembeni yako, miguu ameinyoosha, kanga kichwani. Hakukupa pole. Hakuuliza alikufaje. Alikaa mpaka jua likageuka, akaenda kuwalisha wanawe, akarudi akakaa tena. Ndivyo wazee wetu walivyotufundisha kabla hatujasikia habari za Injili: ukifika msibani unakaa, na kule kukaa kwako ndiko kusema kwako. Hakuna mfiwa anayemdai jirani hotuba. Na jirani hamdai mfiwa. Nikawaza, kama Mama Shija hakukudai neno, Mungu atakudai? Yeye naye alifiwa na Mwanawe. Anajua mambo ya matanga kuliko sisi. Miezi yote hii ulipokaa pale benchini bila neno, huku sisi tukisema umemwacha, mimi nadhani alikuwa amekaa chini pembeni yako miguu ameinyoosha. Hukuwa umeacha kusali. Ulikuwa umekaa naye msibani.

Kwa hiyo zamu yako ikifika kule shuleni, simama. Usitunge maneno. Waambie wenzako, "Tunyamaze mbele za Mungu," nawe unyamaze, na wakohoe wanaokohoa, na wacheke wanaocheka. Muda ukitosha sema amina, uketi. Akikuuliza mwalimu hiyo ni sala gani, mwambie ndivyo alivyosali baba yako mgodini. Asipoelewa, shauri yake. Yuko mwanamke katika Maandiko aliyeomba mtoto midomo ikicheza bila sauti, kuhani akamdhania amelewa, na ni yeye aliyepewa mtoto, si kuhani.

Lakini usije ukawadharau wanaopaza sauti. Mama Tabita analia kwa sauti kwa sababu ndivyo alivyo, na machozi yake ni machozi. Mimi mwenyewe nitaimba mpaka nife, na siku neno lako litakaporudi, maana litarudi, liache litoke kwa ukubwa wake wote. Nisichotaka tena ni kuimba ili mwingine asisikike. Na kuna mahali usinyamaze kabisa. Ukiona mgonjwa anaonewa, sema. Ukiona dawa imekosewa, sema, hata kama aliyekosea ni mkubwa. Ulishasema ukweli mara moja ukiwa umenishika nguo, na aliyekosa ni mimi niliyekufunga mdomo. Usijifunge mwenyewe.

Baba yako aliniambia jambo moja juu yako wakati bado ana pumzi ya kusema. Ulikuwa umetoka kuchota maji. Akasema, "Huyu ataweza kukaa na wagonjwa. Amesikia nilichotaka kabla sijakitaka." Nilitaka kukuambia siku nyingi, lakini nilikuwa nikisema mengine.

Kile alichotaka kusema siku ile sitakijua, wala wewe hutakijua. Pengine alitaka kutuaga. Pengine hakutaka kusema kitu, alitaka tu pawe kimya asikie anakokwenda, kama alivyozoea mwamba. Sitaki kukutungia ushuhuda mwingine mzuri mahali pa ule wa kwanza. Kinaniuma. Kitaniuma hata nikizeeka, na kila nikikaa kwenye kigoda nakipeleka kwa Mungu kilivyo, bila kukipamba. Kuhusu siku ile ninalo neno moja tu kwako: uliona sawa, na mimi nilikosa. Naomba unisamehe. Kama bado hujaweza, panda lori hivyohivyo, utanisamehe ukiwa huko.

Leo mchana, ulipokuwa umeenda kwa bibi yako, nilikwenda kwa mwinjilisti Zakaria. Nilimkuta anapanga benchi. Nikamwambia, "Mwalimu, ule ushuhuda wa Masanja si wa kweli. Mkono ule ulikuwa unatuomba tunyamaze. Raheli aliona, akasema, nami nikamkemea." Alikaa chini. Akaniuliza, "Mama Raheli, unataka nifanye nini? Nimeusema mpaka Geita." Nikamwambia kesho kanisa zima likija kukuaga, kabla ya jambo lolote, nitawaambia mwenyewe. Akasema watu watavunjika moyo. Nikasema wavunjike, na wangu ulivunjika nikaona hata hivyo bado nakamua ng'ombe. Mwisho akasema, "Basi utuombee wewe safari, kama siku zote." Unajua maombi yangu ya safari. Hata dereva huzima injini akalala.

Ndilo jambo la kesho nililotaka ulijue mapema, usije ukadhani mama yako amerukwa na akili mbele za watu. Lori likifika nitawaambia ukweli kwa maneno machache, na haya yote mengine yatabaki kati yako na mimi. Watu wataanza kunong'ona. Mtu ataanzisha wimbo, na namjua atakayeanzisha. Hapo nitainua mkono, kiganja kimeelekea kwao, kama baba yako alivyouinua. Safari hii watajua maana yake, kwa kuwa nitakuwa nimewaambia. Na tutanyamaza, Raheli, kanisa zima, kilimani na kisimani, pamoja na mimi mama yako, kwa muda ule tuliomnyima.

Ukiwa tayari, panda. Sitaushusha mkono mpaka umekaa.

Mama yako